Saa 10:20 Jioni, Daraja Mbili

Tucheze mchezo, msomaji, ingawa hauchekeshi. Ni Jumamosi, saa 10:20 jioni, Daraja Mbili, Arusha. Mvua ya Aprili imekatika sasa hivi, lami inang'aa, na Mlima Meru umejifunua nusu. Kilele bado kimo mawinguni. Kifodi, daladala ya hapa Arusha, kimesimama kituoni, konda ananing'inia mlangoni akiita abiria wa mwisho. Mama muuza ndizi anahesabu chenji. Kwenye kijiwe cha bodaboda kuna ubishi wa Simba na Yanga. Juu ya mteremko linatokea lori la kokoto, na dereva wake amekwisha kukanyaga breki mara tatu bila kujibiwa.

Sasa nani anafanya nini?

Usishtuke, hakuna aliyeumia. Mkasa huu ni wa kutunga, na wenye kazi ya maafa wana jina lake: zoezi la mezani. Watu wanakaa, wanasomewa tukio, kisha kila mmoja anaeleza angefanya nini, angempigia nani simu na angetumia kifaa gani. Gharama yake ni chai na maandazi. Leo meza yetu ni ukurasa huu. Daraja Mbili nimeichagua kwa sababu haina ajabu yoyote: nyumba zimebanana, vichochoro ni vyembamba, bodaboda ziko kila kona, makorongo yanashusha maji ya mlimani kila masika, na Hospitali ya Mkoa ya Mount Meru iko upande wa pili wa mji. Kuifikia inabidi ukate katikati ya jiji, Jumamosi jioni, pamoja na kila mtu mwingine aliye na safari zake.

Lori, kwa upande mwingine, sikulibuni mimi. Jumamosi ya Februari 24, 2024, lori lililoshindwa breki liliyaparamia magari mengine eneo la Kibaoni, Ngaramtoni, kwenye barabara ya Arusha kwenda Namanga. Watu 25 walikufa, wakiwamo wageni kutoka nje ya nchi, na wengine zaidi ya 20 walijeruhiwa. Ilikuwa Jumamosi pia Mei 6, 2017, basi dogo la Shule ya Lucky Vincent ya hapa Arusha lilipotumbukia korongoni Rhotia, wilayani Karatu, likiwa limebeba wanafunzi waliokuwa wakienda kufanya mtihani wa kujipima na wenzao. Walikufa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Watoto watatu walitoka wakiwa hai.

Kuhusu hao watatu, wengi tunaikumbuka ndege iliyowachukua Kilimanjaro kwenda kutibiwa Sioux City, jimbo la Iowa, Marekani. Mimi hukumbuka zaidi kilichotangulia ndege. Kundi la Wamarekani wa kujitolea lilikuwa njiani kuelekea mbugani, likakuta ajali, likasimama na kuteremka korongoni. Miongoni mwao walikuwamo wenye ujuzi wa tiba. Tuliita muujiza, na sina ugomvi na neno hilo. Lakini barabara ile ina wenyeji wake, watu wa Rhotia na Karatu wanaoijua kila kona, ambao pia walikimbilia korongoni siku ile. Walikuwa wengi kuliko wageni na wangekuwapo hapo wiki nzima. Kilichowatenganisha na wale wageni ni mafunzo.

Turudi kituoni. Saa 10:22. Lori limekwisha kukigonga kifodi.

Kabla ya king'ora chochote, wamefika machalii wa bodaboda. Ubishi wa mpira umekufa. Watu 19 wako chini au wamebanwa ndani ya kifodi, na machalii wanafanya kile ambacho mtu mwenye moyo hufanya: wanavuta. Mmoja anamshika kijana kwapani na kumchomoa dirishani, shingo ikiyumba. Wa pili anamwinua binti aliyevunjika paja na kumpakia mshikaki, dereva mbele, binti katikati, msamaria nyuma akimshikilia asianguke. Wa tatu anammiminia maji mdomoni mtu aliyepoteza fahamu. Hakuna hata mmoja mwenye nia mbaya. Na makosa yote matatu yanaweza kuua au kulemaza.

"Shikamoo mama. Unaweza kutembea?"

"Marahaba mwanangu. Naweza, tumbo tu limegongwa kidogo. Waangalieni wale watoto."

Huyo ni mama muuza ndizi. Ameinuka, amefunga khanga upya, anaanza kutembea mwenyewe kuelekea kituo cha afya. Mkumbuke.

Dakika kumi za kwanza za ajali hapa kwetu hazimilikiwi na daktari, wala na askari wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Zinamilikiwa na mpita njia. Bukoba walilijua hilo Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria ikiwa na watu 43. Wavuvi ndio waliofika kwanza na mitumbwi yao, na kijana mvuvi Majaliwa Jackson akawa jina la taifa zima. Walikufa watu 19, 24 waliokoka. Baadaye Majaliwa alichukuliwa kufunzwa uokoaji, jambo jema, ila lilikuja nyuma ya tukio. Ningependa kuona mvuvi anafunzwa kabla hajawa shujaa.

Na hili limewahi kujaribiwa, karibu tu na hapa. Mwanza, madereva wa bodaboda na wananchi wengine walifundishwa huduma ya kwanza, kisha wakawa wanaitwa kwenye ajali kwa ujumbe mfupi wa simu. Iganga, mashariki mwa Uganda, madereva wa bodaboda walipewa mafunzo ya aina hiyo mwaka 2016. Si elimu ya chuo kikuu. Ni kuangalia kwanza kama mahali ni salama, kukandamiza jeraha linalotoa damu bila kuchungulia kila sekunde kama imekoma, kumlaza ubavu aliyezimia, kufunga mfupa uliovunjika kwa ubao au gazeti lililokunjwa, kumbeba mtu watu wanne badala ya mmoja. Khanga mbili na miti miwili vinatosha kuwa machela. Anayetaka kujua kama chalii wa Daraja Mbili anaweza kujifunza hayo, amtazame anavyofungua injini ya pikipiki yake kando ya barabara na kuirudisha bila kubakiza nati.

Saa 10:31. Mtu anasema, "Jamani pigeni simu." Watu kumi wana simu mkononi, saba wanapiga picha, watatu wanabishana namba. Polisi ni 112. Zimamoto ni 114. Na 115? Wachache wanaijua, na wanaoijua wengi ni wanawake waliojifungua karibuni.

Namba hiyo ndiyo inayotumika katika mfumo wa m-mama. Mjamzito, mzazi au mtoto mchanga akipata dharura, simu inapigwa, mhudumu aliye kwenye kituo cha mawasiliano anatafuta usafiri, na kama gari la wagonjwa liko mbali anaitwa dereva wa kawaida wa eneo hilo aliyesajiliwa, ambaye hulipwa kwa safari yake. Ulianzia Sengerema na Shinyanga, ukasambazwa nchini. Nimeutaja kwa sababu unaondoa kisingizio kimoja kikubwa: kwamba haiwezekani kumuingiza mtu wa mtaani katika mnyororo wa dharura wa serikali. Inawezekana, na inafanyika, ilimradi mgonjwa awe mjamzito, mzazi au mtoto mchanga. Yule binti aliyevunjika paja anabaki na mshikaki wake.

Umati nao unakua. Kila baada ya dakika moja wamefika watu ishirini wapya, na gari lolote litakalokuja litakuta ukuta wa migongo. Zoezi lisilo na umati ni maigizo. Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota petroli, wengi wao madereva wa bodaboda, na moto ukawakuta hapohapo. Zaidi ya watu 100 walikufa. Waliouawa na moto huo walifika baada ya ajali kutokea. Kwa hiyo somo la kwanza la chalii si damu wala mifupa. Ni kunusa hewa na kurudisha watu nyuma.

Mazoezi ya dharura Tanzania si mageni. Viwanja vya ndege vina bahati ya kulazimishwa: kanuni za shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, zinataka zoezi kamili la dharura kwa vipindi visivyozidi miaka miwili, moshi, magari na majeruhi wa kuigiza, na mazoezi madogo katikati yake. Ndege huanguka mara chache sana, barabara zetu zinaua kila wiki, lakini ni ndege iliyo na kanuni ya namna hiyo. Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya mwaka 2022 inaweka kamati tangu ngazi ya taifa, mkoa na wilaya hadi kata na kijiji. Kamati ya kata ndiyo inayonivutia. Mtendaji wa kata na wenyeviti wa mitaa wanajua kichochoro kipi kinapitika masika na nani ana pikapu. Daktari aliyehamia juzi kutoka mkoa mwingine hayajui hayo.

Zoezi kubwa kuliko yote niliyopata kuyafuatilia katika mkoa huu lilifanyika Namanga, Juni 2019. Jumuiya ya Afrika Mashariki, makao makuu yake yakiwa hapahapa Arusha, iliwakutanisha maofisa wa Tanzania na Kenya mpakani ikisaidiana na Shirika la Afya Duniani. Walijipima kwa mlipuko wa kubuni wa homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa unaotoka kwa mifugo kwenda kwa binadamu. Hawakuuokota ugonjwa huo hewani. Mwaka 2007 uliingia kwelikweli, mkoa wa Arusha ukiwa miongoni mwa mikoa iliyoupata, na nchini ukaua zaidi ya watu 100. Madaktari wa watu na wa mifugo, watu wa forodha na wa wanyamapori, walilazimika kuongea lugha moja kwa siku nne.

Haikupita hata miezi kumi, Korona ikafika. Mei 2020 malori yakajipanga Namanga kilomita kwa kilomita, madereva wakisubiri majibu ya vipimo, nchi mbili zikitoleana maneno kuhusu vipimo vya nani ni sahihi. Kuna watakaosema zoezi halikusaidia kitu. Mimi naona hivi: zoezi liliwafundisha wataalamu, na foleni ikatengenezwa na wasiokuwapo kwenye zoezi. Dereva wa lori hakualikwa. Na waamuzi wa juu, wenye kufunga na kufungua mpaka, hawana kawaida ya kukaa siku nne kwenye hema la mafunzo.

Hapo niruhusu nichokoze kidogo. Yako mazoezi ambayo tayari yana mgeni rasmi kabla hayajawa na majeruhi. Hema limefungwa, fulana zimechapwa, gari la wagonjwa limeoshwa na kujazwa mafuta tangu jana, muda unajulikana, na majeruhi wa kuigiza wamepakwa rangi nyekundu wakisubiri saa nne kamili. Kila kitu kinakwenda sawa, hotuba inasomwa, picha inapigwa. Zoezi kama hilo limefeli kwa sababu limefaulu. Zoezi lenye faida ni lile la saa tisa usiku ambalo linagundua kwamba ufunguo wa stoo unao mtu aliyekwenda kwao Usa River, kwamba namba ya simu iliyobandikwa ukutani ni ya mzee aliyestaafu, kwamba mtungi wa oksijeni upo ila kiunganishi chake ni cha mtungi mwingine. Aibu ya usiku huo haiui mtu. Ndiyo maana wenye ujuzi huu husema saa muhimu kuliko zote ni ile ya baadaye, watu wakiwa wamechoka, wanakaa na kusemana bila vyeo: hapa tulikosea, hapa hatukusikilizana, hapa mkuu alitoa amri mbili zinazopingana.

Saa 10:50. Majeruhi wa kwanza wameanza kuingia kituo cha afya. Upande huu wa mji watu hukimbilia Kaloleni au Levolosi. Na hapa kuna jambo linalowashangaza hata wauguzi wapya: wanaofika kwanza ndio walioumia kidogo. Wana miguu, au mshikaki umewapata mapema. Wanajaza mabenchi, vitanda na mikono ya watumishi, na walio mahututi, waliochelewa kwa kuwa walibanwa kwenye chuma, wanakuta nafasi imekwisha. Nairobi, Agosti 7, 1998, ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa na watu 213 kufa, hospitali zilifurika kwa maelfu ya majeruhi waliofikishwa kwa matatu, pikapu na magari ya watu binafsi.

Dawa yake ni kuwapanga, na watu wa hospitali huita triaji. Dominique Jean Larrey, daktari mpasuaji wa jeshi la Napoleon, aliweka msingi kwamba atibiwe kwanza aliyeumia zaidi, awe jenerali au mpika uji. Mwaka 1983 huko Newport Beach, California, zimamoto na hospitali ya jirani walitengeneza njia ya haraka inayotumika hadi leo katika nchi nyingi. Anayeweza kutembea anapewa kijani. Asiyepumua, hata baada ya kufunguliwa njia ya hewa, nyeusi. Anayepumua zaidi ya mara 30 kwa dakika, au ambaye damu hairudi kwenye kucha ndani ya sekunde mbili ukiibonyeza, au asiyeweza kutii ukimwambia "kunja ngumi", nyekundu. Waliobaki, njano. Ukizoea, mtu mmoja hakuchukui dakika nzima.

Kwenye karatasi ni rahisi. Sasa jaribu kufanya hivyo Daraja Mbili. Mzee mwenye mvi amechubuka goti na kila mtu anasema, "Dokta, anza na mzee." Mwenyekiti wa mtaa ameleta mwanawe. Mama amemkumbatia mtoto asiyepumua, na wewe umefundishwa kufunga utepe mweusi na kupita, kwa sababu hatua mbili mbele kuna mwingine ambaye bado anaweza kuokolewa. Katika siku ya kawaida mtoto yule angezungukwa na watu watano. Leo mko watatu kwa watu 19. Moyo haulikubali jambo hilo kwa kusoma kitabu. Mkono ndio unaotakiwa kulizoea, na mkono huzoea kwa kurudia, mara mbili au tatu kwa mwaka, mbele ya majeruhi wa kuigiza ambaye baadaye atainuka na kwenda kunywa soda.

Arusha ilipewa somo hilo bila kuuliza. Mei 5, 2013, bomu lililipuka kwenye ibada ya uzinduzi wa parokia ya Olasiti. Watatu walikufa na zaidi ya 60 wakajeruhiwa. Juni 15 mwaka huohuo, ndani ya wiki sita, mlipuko mwingine ukatokea kwenye mkutano wa Chadema viwanja vya Soweto. Na tukumbuke taaluma yenyewe ilikuwa bado changa. Idara ya kwanza kamili ya tiba ya dharura nchini ilifunguliwa Muhimbili Januari 2010, na mwaka huo ndipo chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, MUHAS, kilipoanza kusomesha madaktari bingwa wa fani hiyo. Kabla ya hapo mgonjwa wa dharura alipokelewa na yeyote aliyekuwa zamu. Leo hospitali nyingi za wilaya zina majengo ya dharura, mengi yao yakiwa yamejengwa kwa fedha za mpango wa UVIKO-19. Kozi ya msingi ya huduma ya dharura ya Shirika la Afya Duniani, iliyojaribiwa Tanzania miongoni mwa nchi za mwanzo, humfunza muuguzi wa kituo cha kawaida kwa siku zisizozidi wiki moja: njia ya hewa, kupumua, mzunguko wa damu, ufahamu, kisha mfunue mgonjwa umtazame mwili mzima. Jengo bila watu wa namna hiyo ni chumba kizuri chenye vigae.

Bado mezani kuna maswali madogo yanayokera. Fomu namba tatu ya polisi, PF3 ambayo kila Mtanzania anaijua: nani atazijaza 19, na je, kila mlinzi wa getini anajua kwamba tiba ya kuokoa maisha haiisubiri? Damu: kituo cha kanda cha damu salama kiko Moshi, kilomita 80 hivi, nani anapiga simu, saa ngapi, na gari gani linakwenda? Ndugu: watafika mia moja wakitafuta watu 19. Asipowekwa mtu mmoja mwenye orodha ya majina kwenye meza nje ya geti, wataingia wodi moja baada ya nyingine wakifunua mashuka.

Na jiji linajiandaa kwa umati mkubwa kuliko wa kituo cha vifodi. Uwanja mpya wa Olmoti unakusudiwa kuchukua watu 30,000, kwa ajili ya AFCON ya 2027. Yaoundé, Januari 24, 2022, watu wanane walikufa kwa kukanyagana getini katika mashindano hayohayo. Dar es Salaam, Machi 21, 2021, watu 45 walikufa Uwanja wa Uhuru walipokwenda kumuaga Rais Magufuli. Hakuna lori wala bomu lililohusika hapo. Ni geti, ngazi na watu wengi kwa wakati mmoja.

Saa 11:45. Tulimwacha mama muuza ndizi njiani. Alifika kwa miguu, akafungwa utepe wa kijani, akaoneshwa benchi la nje pamoja na konda na wanafunzi wawili waliochubuka. Kulingana na kanuni, sawa kabisa. Lakini kanuni hiyohiyo inasema kupanga hakufanywi mara moja. Bandama likipasuka halipigi kelele, linavuja taratibu ndani ya tumbo, na kijani ya saa kumi na nusu inaweza kuwa nyekundu saa kumi na mbili kasorobo. Wanafunzi wanacheka kitu kwenye simu. Konda amesinzia. Mama ameegemea ukuta, midomo imemkauka, jasho linamtoka na jioni ya Arusha ina baridi.

Nesi anapita mbio na sinia la dripu.

"Sista, naomba maji."

"Subiri kidogo mama, naja."

Anapiga hatua tatu, anasimama. Anaweka sinia chini sakafuni, anarudi, anamshika mama mkono pale penye mapigo, na kuinua macho kutazama saa ya ukutani.